"Mimi nimezaa saba, hajapotea hata mmoja": likizo ya Tanga na watoto wadogo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Dar es Salaam. Wa kwanza binti, miaka 5. Wa pili wa kiume, miaka 3. Wa tatu ana mwaka mmoja na miezi minane, bado ananyonya. Nimezaliwa Singida, mume wangu ni wa Tanga, Ngamiani, na kwao wana mila ambayo mwanzoni niliipenda sana. Kila shule zikifungwa mwezi wa sita, watoto wote wa mavyaa, walioko Dar, Arusha mpaka Mombasa, wanarudi nyumbani na wajukuu. Inasomwa khitma ya marehemu babamkwe, siku moja ukoo mzima unahamia baharini na masufuria, usiku wa mwisho yanasomwa maulidi uani. Na katikati hapo haikosekani harusi ya mtu.

Nilipokuwa sina mtoto nilikuwa nakaa na mawifi tunakuna nazi, tunacheka mpaka usiku. Sasa sikai. Mwaka jana tulikwenda siku tisa na nilirudi Dar nimekonda.

Siku ya khitma huyu wa miaka 3 aliamshwa alfajiri, akavishwa kanzu inayombana shingo, akakalishwa jamvini na wanaume. Juzuu hazijarudi hata nusu, akaanza kulia kwa sauti ya honi ya meli. Baba yake alikuwa pale pale lakini alikuwa amemkodolea macho tu, ikabidi nisimame mlangoni nimwite mtoto mbele ya mashehe, kanga inaniporomoka na mdogo yuko begani.

Ya baharini ndiyo iliyonimaliza. Tulikuwa Raskazone, watu thelathini na kitu. Nilimwacha na binamu zake wanachimba mchanga, nikageuka kumnyonyesha mdogo. Nilipoinua macho hayupo. Shangazi, nilikimbilia majini nimevaa baibui, napiga kelele jina lake. Alikuja kuonekana kule barabarani, amemfuata muuza lambalamba, ameshika gurudumu la baiskeli ya watu, wala hana habari. Mume wangu alikuwa kwenye karata na kaka zake. Na mimi bado natetemeka, mavyaa akasema mbele ya watu wote: "Mimi nimezaa saba, hajapotea hata mmoja."

Usiku wa maulidi niliwafungia watoto chumbani na simu, wakaangalia katuni mpaka wakalala. Asubuhi wifi akanipitishia neno kwamba watoto wangu wanalelewa na simu.

Sasa mwezi wa sita ndio huo, na mume ameshaanza kuulizia tiketi. Nimefikiria niseme mdogo anaumwa, tubaki Dar. Lakini binti yangu tangu Idi anauliza, "Mama, kwa bibi lini?" Nifanyeje?

Mke wa Mtanga

*

Marahaba mwanangu.

Kwanza, mtoto usimsingizie ugonjwa. Mwaka huu utasema anaumwa, mwaka ujao utasema nini? Na ninavyowajua mama wa Kitanga, mavyaa atapanda basi la kwanza kuja kumuuguza mjukuu, na mfuko wa mihogo juu. Hapo ndipo utakapojua kukonda ni nini.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikimtafuta mkosaji. Mara ya kwanza nikamwona mavyaa. Mara ya pili nikamwona yule aliyekuwa kwenye karata.

Lakini tumwanze mavyaa, kwa sababu lile neno lake limekukaa kooni. Ni kweli amezaa saba. Mimi pia nimekulia Ngamiani, kwenye hizo barabara zenye namba, na nitakwambia hao saba walikuwa wanachungwa vipi. Nyumba ina vyumba sita, ukumbi katikati, uani pamoja. Kila chumba kina mama. Mlango wa mbele una baraza, na baraza haikosi bibi anayechambua mchele. Mtoto akivuka kutoka barabara ya tisa kwenda ya kumi, mama asiyemjua hata kwa jina anamwuliza, "Wewe si wa kwa fulani?" na anamrudisha kwa sikio. Mavyaa wako hakulea saba kwa mikono miwili. Alikuwa na mikono ishirini, na imekuwa mingi kiasi kwamba ameisahau. Wewe Dar unalea watatu kwenye nyumba yenye geti, halafu unafika Tanga unakaa na watu thelathini kama bado uko nyuma ya geti. Unadhani ukiomba kushikiwa mtoto utaonekana umeshindwa. Wao nao wanakuona umemng'ang'ania, wanadhani hutaki ashikwe.

Kwa hiyo utakwenda. Ila hutakwenda siku tisa, na hutakwenda kwa kila kitu.

Mume wako mkalishe wiki hii, nyumbani, watoto wamelala. Usingoje mpaka mfike Segera, mtu ana usingizi na mtoto ametapika. Usimwambie "nisaidie". Mwanamume ukimwambia akusaidie anasikia kwamba kazi ni yako na yeye ni mgeni mwema. Mwambie hivi: "Tukifika Tanga, huyu wa miaka mitatu ni wako. Kuanzia asubuhi mpaka saa 12 jioni, yeye ni wako, mimi nina mdogo." Binti wa miaka 5 wataishi naye mawifi, hao hawana shida. Na akitaka kucheza karata acheze, ila kwanza amkabidhi mtoto kwa mtu mwenye jina: "Kaka, nimemwacha kwako," na huyo kaka aitikie kwa mdomo. Pale Raskazone watu wote thelathini walikuwa wanamwangalia mtoto wako. Ndiyo maana akafika barabarani.

Khitma ni ya wakubwa. Mtoto wa miaka 3 hana nafasi katika jamvi lile na hakuna shehe atakayekasirika asipomwona. Mwache alale. Dua ikishafika mwisho na masinia yanatoka, aoshwe uso, avishwe kanzu iliyolegea, aingie akae na baba yake ale pilau na kushikwa kichwa na wazee. Hiyo ndiyo khitma anayoiweza. Nusu saa.

Ya harusi usiende na watoto. Ukitaka kwenda mwenyewe nenda, ukitaka peleka zawadi, basi.

Sasa bahari. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu wewe ni mtu wa Singida, na nina wasiwasi hakuna aliyekueleza, maana watu wa pwani wanadhani kila mtu amezaliwa akijua.

Maji ya kwetu hayakai mahali pamoja. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, kunakuwa na bamvu: maji yanatoka mbali sana na yanarudi mengi. Siku za bamvu huku Tanga kwa kawaida maji yanakupwa asubuhi, kwenye saa 4 au 5, na yanajaa alasiri kwenye saa 10 au 11. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Katikati ya bamvu na bamvu, mwezi ukiwa nusu, ni siku za maji mafu: hayatoki sana wala hayajai sana. Hakuna haja ya kukariri. Mwombe mavyaa amwulize mvuvi yeyote kabla ya kupanga siku, au mwulize yeye mwenyewe, atakwambia kwa kutazama mwezi tu.

Kwa nini nakwambia haya? Kwa sababu ukoo wenu, kama koo zote, unaondoka nyumbani saa 5 baada ya kusubiriana, unapakua pilau saa 8, na watoto wanaachiwa kucheza saa 9 wakati wakubwa wamelala chini ya miti. Kama ni siku ya bamvu, hiyo saa 9 ndiyo maji yanakuja, na yanakuja kimya kimya. Pale mtoto alipokuwa anachimba mchanga mkavu, baada ya saa moja pana maji ya kumfika kifuani.

Geuzeni. Wewe, mumeo na wifi mmoja mwenye watoto wadogo, tangulieni saa 3 asubuhi na jamvi na chupa ya chai. Wakubwa na masufuria watakuja kwa wakati wao. Asubuhi maji yakitoka yanaacha vidimbwi, na kidimbwi cha bahari kwa mtoto wa miaka 3 ni dunia nzima: kaa mdogo anayekimbia upande, konokono anayejificha, kisamaki cha ukubwa wa ukucha. Wavae kandambili za kufunga nyuma kwa sababu kuna mawe na kuna wale wadudu wa miiba. Mkubwa akae karibu kiasi cha kunyoosha mkono na kumdaka, maji yasipite goti la mtoto. Wakubwa wakifika na pilau, wenu wameshacheza, wameshachoka, wanakula na kulala. Maji yakijaa wao wako usingizini juu ya jamvi. Ukoo utawaona watoto wako watulivu kuliko wote, na wewe usiwaeleze siri.

Mwezi wa sita ni wakati wa kusi, upepo unavuma na jua linaonekana pole. Linadanganya. Kofia, na maji ya kunywa. Na kama una sauti jikoni, shauri iendelee kuwa pilau, isiwe wali wa nazi. Nazi ikikaa juani inachacha.

Kuhusu kupotea: ukoo wenu lazima utashona sare, najua, hamwezi kukaa mwaka bila sare. Safari hii sare iwe ya watoto. Doti mbili tatu za kanga ya rangi inayopiga kelele, njano au chungwa, kila mtoto akatiwe kipande na fundi wa mtaani akishone kifulana. Ufukweni utahesabu rangi, hutahesabu nyuso. Namba ya simu ya baba yake iandike kwa peni mkononi mwa mtoto, ndani ya mkono, juu kidogo ya kiganja. Na binti wa miaka 5 mfundishe jina kamili la bibi yake na barabara anayokaa, siyo "kwa bibi" tu. Mwambie akipotea asimame hapo hapo, akiona mama mwenye watoto amwambie jina hilo. Tanga bado kuna watu watakaompeleka mpaka mlangoni na kunywa chai.

Midomo ya watoto nayo. Watapewa kila kitu na kila mtu, hilo huwezi kuzuia, lakini ubuyu na karanga nzima kwa huyu wa miaka 3 na mdogo wake, hapana. Ile mbegu ya ubuyu ni ya kuteleza, ikiingia njia isiyo yake mtoto anapaliwa na hamwezi kuitoa. Kashata ya karanga ni hivyo hivyo. Binti mkubwa ale akiwa amekaa, si akikimbia.

Na hina. Mawifi watataka kumpamba binti, waache, ni furaha yake. Hina ya majani iliyokandwa na ndimu haina neno. Piko nyeusi ndiyo ukatae, hata kama itakuwa vita. Nyingi siku hizi ni rangi ya nywele, ina kemikali ya PPD, na nimeona mtoto amevimba mkono malengelenge yakifuata ua lile lile lililochorwa. Mdogo asipakwe chochote, mikono yake bado iko mdomoni.

Baba mtu akitafuta sifa, ampeleke binti Mapango ya Amboni, wawili tu. Ni kilomita 8 hivi kutoka mjini, njia ya kwenda Mombasa. Kuna giza, kuna popo, kuna mwongoza watalii anayewasha tochi na kuonyesha mawe ya chokaa yenye maumbo. Wa miaka 5 atasimulia mpaka darasa la pili. Wa miaka 3 mwacheni nyumbani, atalia kuanzia mlangoni na sauti ndani ya pango inazidi.

Sasa ile simu. Hapa nitakukasirisha kidogo.

Sikulaumu kwa kuwapa katuni, ulikuwa umechoka na hukuwa na mtu. Lakini jaribu kuona alichokiona mavyaa. Ana wajukuu anaowaona mara moja kwa mwaka. Mchana wanakimbia, hawana muda naye. Saa yake ni ile ya usiku, wamekoga, wamelegea, wanataka mtu wa kumlalia. Hiyo ndiyo saa ya "Paukwa!" na "Pakawa!" Na saa hiyo mlango umefungwa na ndani kunasikika katuni ya Kiingereza. Wifi alikuletea neno la simu, mwenye uchungu ni mama yake.

Kwa hiyo usiku wa kwanza tu mkifika, kabla hujafungua mabegi, mpelekee watoto wameshaoga. Mwambie, "Mama, hawa leo wanalala kwako, nimewaambia una hadithi za sungura na fisi." Asiposimulia vizuri si kitu. Watalala. Wewe utapata saa mbili za kukaa uani na mawifi kama zamani, na hutakuwa umemwomba mtu akusaidie: umempa anachokitaka.

Kesho yake, mkiwa peke yenu jikoni, yeye yuko kwenye mbuzi anakuna nazi na wewe unachambua mchele, mwulize: "Mama, wale saba uliwashikaje ukiwa unanyonyesha?" Uliza kwa kutaka kujua, si kwa kumrudishia neno lake. Halafu nyamaza, usimsaidie kujibu. Najua atakachosema. Ataanza na mama yake, atakuja kwa jirani wa chumba cha mbele, atataja msichana mmoja wa kazi na shangazi wa mume aliyekuwa hana mtoto. Akifika hapo mwenyewe atakuwa ameshawahesabu. Ndipo umwambie, "Mimi mama sina hao. Ninao nyinyi." Uishie hapo. Lile neno la ufukweni usilitaje kabisa, atalikumbuka mwenyewe.

Limebaki la usiku wa maulidi. Usiwafungie tena. Mtoto hulia kwenye shughuli kwa sababu hana kazi, na huyu wa miaka 3 ana umri mzuri wa kupewa kazi moja. Mpe mrashi, ile chupa ya kunyunyizia marashi.

Nina maana hii: maulidi yanaanza baada ya Isha, wewe mlaze mchana mpaka saa 11 ili usiku awe na nguvu. Mvishe ile kanzu, ipanuliwe shingo. Baba yake akae karibu na mlango, si mbele. Matwari yatamshika mwenyewe, hakuna mtoto asiyetazama twari likipigwa. Ikifika kiyamu, watu wote wakisimama, hapo ndipo marashi hunyunyizwa, na hapo baba amshike mkono apite naye safu kwa safu, mtoto ametangulia na mrashi. Mgeni mmoja, tone mbili kwenye viganja. Mgeni wa pili, tone mbili. Nimewahi kumwona mtoto wa umri huo akifanya kazi hiyo ulimi umetoka nje kwa umakini, kila anayenyunyiziwa anajipaka usoni na kumwambia "ahsante shehe". Alikwenda safu nne bila kulia. Binti mkubwa apange tende kwenye sahani upande wa wanawake, tende tatu kila sahani, ahesabu mwenyewe. Kiyamu kikiisha wote wawili wachukue halua zao wakalale. Wakubwa waendelee hata mpaka saa 8 usiku, si shauri lao.

Siku nne zinatosha kwa yote haya. Ijumaa mpaka Jumatatu. Mkirudi, basi likisimama Muheza nunua machungwa, msimu wake ndio huo, na mpelekee jirani yako wa nyuma ya geti. Mikono ya Dar nayo inaanzia mahali.

Kuhusu mrashi, hakikisha kifuniko kinakaza kabla hujampa. Yule mtoto niliyekusimulia alikuwa wangu, na safu ya tano kifuniko kilifunguka marashi yote yakaingia kwenye sahani ya halua ya shehe. Akala, akasema mwaka huo halua ilikuwa na udi.

Shangazi